Somo Ndani ya Bilauri

Mwalimu huona taabu kukiri kwamba hajui. Hilo nimelitambua uzeeni, tena si darasani bali jikoni mwangu hapa Uthiru, mbele ya bilauri ya sharubati.

Ilikuwa alasiri ya Januari, majira ambapo jua la Nairobi huwa kali na maembe ya Ukambani yamejaa sokoni. Mjukuu wangu, mwanafunzi wa gredi ya sita, alinijia na picha aliyoikata gazetini: bilauri ndefu yenye barafu laini iliyosagwa, nyekundu chini, manjano katikati na kijani juu. "Guka," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wa huku kwetu wanavyomwita babu, "tunaweza kujitengenezea kinywaji hiki?" Nikacheka. Mtu aliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini atashindwaje na kinywaji?

Tulifunga safari hadi soko la Kangemi, tukanunua maembe, bitiruti, nanasi, ndimu na maparachichi, ambayo wauzaji wetu huyaita avokado. Nilisaga kila rangi peke yake kwenye blenda kwa maji mengi na vipande vya barafu, kisha nikamimina moja juu ya nyingine kwa mbwembwe. Kufumba na kufumbua, rangi zote tatu zilikwisha kuvurugana, tukabaki na kitu mfano wa maji ya mtaro baada ya mvua.

"Guka, kwa nini zimechanganyika?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu la mazoea: kunywa, acha maswali. Jibu hilo, naungama, niliwapa wanafunzi wengi enzi zangu, nami nikaliita nidhamu. Siku hiyo nilimtazama mtoto machoni, nikatamka neno ambalo sikumbuki kuwahi kulitamka mbele ya ubao: "Sijui. Hebu tutafute."

Tulichukua daftari, na kwa siku nne tukawa tunajaribu na kuandika. Kwanza, tuligundua kwamba kosa langu kubwa lilikuwa maji. Tunda lililokatwa vipande likagandishwa lenyewe, kisha likasagwa kwa maji kidogo tu, huwa uji mzito usiotiririka ovyo. Pili, sukari ina uzito. Ukipima kiasi sawa cha sharubati mbili, iliyo na sukari nyingi ndiyo nzito, nayo hupenda kutulia chini. Basi embe bivu tukaliweka chini. Bitiruti iliyochemshwa na kusagwa pamoja na nanasi ikafuata. Parachichi, ambalo mafuta yake hulifanya jepesi, likakaa juu. Kila rangi tuliimimina polepole juu ya mgongo wa kijiko. Mpangilio wetu haukufanana na ule wa picha, lakini ulisimama.

Tatu, sukari hukawiza kuganda. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za Selisiasi. Yenye sukari huhitaji baridi kali zaidi. Ndiyo maana maji yalitoka kwenye jokofu magumu kama jiwe, ilhali sharubati ilikubali kuchotwa kwa kijiko. Nne, matone ya ndimu yaliliepusha parachichi na weusi, kwa kuwa asidi hupunguza kasi ya lile badiliko linaloanza tunda likatwapo na kukutana na hewa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo si la mchezo. Wengi wetu hudhani kwamba barafu, kwa kuwa ni baridi, ni safi. Sivyo. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Vingi hulala tu, vikaamka tumboni. Tukumbuke mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ukaendelea hadi 2023. Maji ya kutengenezea barafu yachemshwe kwanza, matunda yaoshwe kwa maji safi, na mikono kwa sabuni. Vilevile sukari isizidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa, hata ile iliyomo katika asali na maji ya matunda, isipite takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vidogo. Bilauri moja ya kifahari yaweza kuumaliza mgao huo wote.

Wapo watakaosema kwamba kinywaji cha namna hii ni anasa ya kigeni. Nawaomba wayasikilize maneno yetu wenyewe. Sharubati ni neno lenye asili ya Kiarabu, la ukoo wa kitenzi chenye maana ya kunywa. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni theluji. Maneno hayo yalivuka bahari zamani, na watu wa Mombasa wamekata kiu kwa sharubati ya ukwaju na faluda kabla ya blenda kufika Uthiru.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, wazazi wamelalamika mara kwa mara kuhusu gharama ya vifaa vya kazi za ziada. Malalamiko hayo yana haki. Si kila nyumba ina jokofu wala blenda, na mtoto asitumwe nyumbani kuiaibisha familia yake. Somo hili laweza kufundishwa darasani bila umeme: bilauri tatu za maji, ya kwanza isiyo na sukari, ya pili yenye vijiko viwili, ya tatu yenye vinne; ya pili itiwe rangi ya bitiruti; kisha zimiminwe polepole katika chupa angavu, yenye sukari nyingi ikitangulia. Wanafunzi waachwe waulize. Hapo pana sayansi, hesabu, afya na hata Kiswahili.

Nanyi wanafunzi, msichoke kuuliza "kwa nini", mradi mnauliza kwa heshima na mko tayari kulitafuta jibu. Jioni ile ya nne mjukuu wangu aliinua bilauri yake dirishani, akazitazama rangi tatu zilizotulia, kisha akaniuliza mbona ile nyekundu ya bitiruti haififii kwenye ndimu.

Sijui. Kesho tutatafuta.