Gobore la babu si pambo la geto!

Babu kafariki. Matanga yamekwisha, ndugu wamekaa barazani wanagawana vilivyobaki. Shangazi kachukua cherehani. Baba mdogo kang'ang'ania baiskeli ya Phoenix. Wewe kijana wa mjini unatupa jicho darini, unaona kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Gobore!

Unapewa hadithi yake: ndilo hilo babu alilokuwa akifukuzia nguruwe pori shambani. Limeota kutu, kitako kimefungwa kwa waya. Moyoni unasema, hili nikilitundika geto kwangu, juu ya redio, washikaji watakoma! Kwani hii bunduki basi? Si chuma chakavu tu! Unalizungushia kanga, unakata tiketi ya basi.

Mtu wangu, shuka kwenye hilo basi. Ulichokumbatia hapo kinaweza kukutoa mtaani kwa miaka 20. Wala sikutishi. Kaa chini nikupe mkasa mzima, maana suala la bunduki za kale limewasumbua hata Wazungu waliozitengeneza.

KITU CHENYEWE

Gobore halina risasi ya kununua dukani. Unamimina baruti nyeusi kwa mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, unatia gololi au vipande vya chuma, halafu unashindilia kwa ule ufito ambao wazee wanauita mdeki. Zile za zamani zaidi, gumegume, zinawashwa na cheche ya jiwe. Zilizofuata zinawashwa na fataki, kile kikofia kidogo kinachogongwa na mtambo.

Ukifyatua, moshi unatanda kama umechoma majani mabichi. Halafu unaanza upya: baruti, kitambaa, gololi, mdeki. Nguruwe keshafika kijiji cha pili!

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyotoa moshi mzito, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likaingiza bunduki ya Lebel. Majeshi mengine yakakimbilia huko huko. Hapo ndipo bunduki za baruti nyeusi zilipoanza kuitwa za kale. Swali likabaki moja: je, bunduki ya kale bado ni bunduki?

MAREKANI WANAANGALIA MWAKA

Sheria ya Marekani ya kudhibiti bunduki, iliyopitishwa mwaka 1968, inasema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale, na kwa sheria hiyo haihesabiwi kuwa bunduki. Ya 1898 imepona. Ya 1899 imeingia kwenye kumi na nane zake!

Sasa sikiliza kali zaidi. Hata ya kuiga, iliyotoka kiwandani mwaka huu, inaweza kuhesabiwa ya kale, mradi haikutengenezwa kutumia risasi za kisasa zenye ganda. Ndiyo maana viwanda kama Uberti na Pedersoli, vilivyoko mkoa wa Brescia kule Italia, vinatengeneza nakala za bunduki za karne ya 19 zinazong'aa kama sufuria mpya, na Mmarekani katika majimbo mengi anaagiza ya kwake kwa posta kama anavyoagiza viatu. Baruti nyeusi ya kiwandani nayo, kwa matumizi ya michezo na silaha hizo, anaruhusiwa kuwa nayo hadi ratili 50, yaani kilo 22 na ushee.

Lakini usidhani ni shamba la bibi. Ukichukua kiunzi cha bunduki ya kisasa ukakivalisha mtutu wa baruti nyeusi, hiyo ni bunduki kama kawaida. Tena majimbo yana sheria zake, mengine makali kuliko ya taifa. Kinachoruhusiwa upande huu wa mpaka kinaweza kukutia pingu upande wa pili.

UINGEREZA WANAULIZA NIA YAKO

Mwaka huo huo wa 1968 Waingereza nao walipitisha sheria yao. Wao wakasema bunduki ya kale unaweza kuwa nayo bila kibali, mradi umeiweka kama pambo au kumbukumbu. Ukiitia baruti na kwenda kulenga shabaha, tafuta kibali. Yaani kitu kile kile, ukutani ni pambo, uwanjani ni silaha. Na nakala mpya inayofyatua haipewi heshima ya uzee, hata ikipakwa kutu ya bandia.

Wajanja wakaona mwanya. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 30 mfanyabiashara aliyekuwa akiingiza bastola za kale na kuzitengenezea risasi zake mwenyewe, kwa kuwa madukani hazipo tena. Silaha zake zilihusishwa na matukio zaidi ya 100 ya uhalifu. "Pambo" likawa linaua watu mitaani.

Serikali yao ikaziba pengo. Kuanzia mwaka 2021 bunduki haiitwi ya kale mpaka iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na iwe ya aina ya risasi au ya mwako uliokwisha kupitwa na wakati. Umri peke yake hautoshi.

SISI TULIPANGIWA TANGU 1890

Usidhani mambo haya ni mageni pwani yetu. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki, zile za zamani zilitafutiwa soko, na soko lilikuwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilikwenda bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa.

Wakubwa wakakutana Brussels. Mkataba wao wa Julai 2, 1890, wa kupinga biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Ila wakaacha mlango mmoja wazi: gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa usimamizi. Bunduki za kisasa, zile zenye mifereji ndani ya mtutu, zikawa za wakubwa na wenye vibali maalumu.

Umeona mchezo? Wao walishajua gobore ni silaha ya aina gani: inatosha kumtishia nguruwe, haitoshi kumtoa mkoloni. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, wazee wetu waliingia na mikuki na magobore, na Wajerumani wakawajibu kwa bombomu, bunduki za rashasha. Kilichofuata kila mtoto wa shule anakijua.

HAPA NYUMBANI SI MCHEZO

Turudi kwako na gunia lako. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mahakamani kwetu kesi za watu waliokutwa na gobore bila kibali ni jambo la kawaida, hasa vijiji vya jirani na hifadhi za wanyama. Mara nyingi mtaalamu wa silaha wa polisi anakuja kueleza kama linaweza kufyatua. Kutu haikutetei!

Tena mashtaka hayo huunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu yake inaanzia miaka 20 na kufika 30. Ukiingia na miaka 22, ukitoka una 42. Washikaji uliotaka kuwatambia watakuwa na wajukuu!

Utasema, "Lakini hili ni la kale, la babu." Sawa, thibitisha. Itifaki ya silaha ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inaachia kila nchi ieleze silaha za kale ni zipi, ila imeweka ukomo: iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Gobore lililofuliwa na fundi wa kijijini halina muhuri wala mwaka. Mengi yametengenezwa juzi tu, kwa bomba la maji na mbao ya mninga. Linafanana na la enzi za Mkwawa, lakini umri wake ni sawa na wa dada yako.

SASA UFANYEJE?

Kwanza, usilisafirishe. Liache lilipo, na watoto wasilichezee, kwani huenda bado limeshindiliwa baruti tangu enzi za marehemu. Pili, uliza kama babu alikuwa na kibali, kitafute. Kibali kilikuwa cha marehemu, si chako, hakirithiwi kama shamba. Tatu, nenda kituo cha polisi ukiwa mikono mitupu, pamoja na mzee wa ukoo au mwenyekiti wa kijiji, ueleze kilichopo na kilipo, wakuelekeze namna ya kukikabidhi. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Kikitangazwa kingine, wahi.

Na kama roho inataka kumbukumbu ya mzee, mwombe shangazi picha yake ile aliyosimama na gobore mkononi. Itie kwenye fremu, itundike juu ya redio. Picha haina mtutu, na hakuna askari atakayekugongea mlango alfajiri kwa ajili ya picha.