Himoglobini Inapogeuka Umbo

Pweza wa pwani ya Msimbati akitolewa mwambani maji yakiwa yamekupwa huwa mlegevu, anateleza mkononi. Mtie kwenye sufuria ya maji yanayochemka: minyiri inajikunja, nyama inakaza, ngozi inapiga wekundu. Hakuna alichoongezewa isipokuwa joto. Protini za mwili wake, zilizokuwa zimejikunja kila moja kwa namna yake, zimefumuka na kushikamana ovyo, na kuziacha zipoe hakutazirudisha zilivyokuwa.

Kila protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo zipo za aina 20, zikifuatana kama vinasaba vinavyoelekeza. Mnyororo ukishatoka kiwandani mwake ndani ya seli hujikunja na kupata umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi. Jiko la pweza huvuruga umbo lote kwa mkupuo. Maradhi hayahitaji nguvu kiasi hicho. Asidi amino moja tu ikikosewa inatosha, na mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa kwetu: selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka.

Protini inayohusika ni himoglobini, inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Ina minyororo 4, alfa miwili na beta miwili. Ikipakia oksijeni kwenye mapafu inakaa umbo moja, ikiishusha kwenye misuli au ubongo inageuka umbo jingine. Bila kugeuka huko isingeweza kupakia vizuri na kushusha vizuri. Max Perutz wa Cambridge alitumia zaidi ya miaka 20 kulipambanua umbo hilo kwa miale ya eksirei, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya mtu mwingine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, naye akiwa Cambridge, akaonyesha tofauti ilipo. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi glutamiki inayopenda maji imeondoka, na mahali pake imekaa valini, ambayo inayakimbia maji. Mnyororo huo una asidi amino 146. Zilizobaki 145 ziko sawasawa.

Himoglobini ikiwa na oksijeni, valini hiyo haina pa kushika. Ikishaiachia na kugeuka umbo, kishimo hufunguka upande wa himoglobini jirani, na valini huingia humo kama kifungo kwenye tundu la shati. Ya pili inaishika ya tatu, ya tatu inaishika ya nne, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani mpaka inapinda mfano wa mundu. Chembe ya namna hiyo hunasa kwenye mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha, na ndiyo sababu ya kiharusi kwa watoto wasiojua hata kusoma. Isitoshe, chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo damu haitoshi na macho yanakuwa ya njano.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba ugonjwa unapitia mlango ule ule wa afya: kugeuka umbo ambako kila mtu anakuhitaji ili aishi. Tena nyuzi haziundiki papo hapo. Zinahitaji muda, na chembe ikiwahi kurudi mapafuni kabla ya muda huo inasalimika. Chembe ikikauka, himoglobini zinasongamana na muda huo unafupika mno. Kwa hiyo nesi anaposisitiza mtoto anywe maji mengi, asikae na nguo mbichi baada ya kuogelea baharini, na homa isiachwe, hasemi kwa mazoea.

Kwa nini ugonjwa huu umeenea pwani? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa huko akakuta wenye kinasaba hiki ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: anayerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Mbu wa mabonde na mikoko wamekitunza kinasaba hiki kizazi baada ya kizazi. Wazazi wawili wenye kimoja kimoja, wote wazima kabisa, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mkono wa mtu haumo.

Mtoto huonekana mzima miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, isiyo na mnyororo wa beta. Haidroksiurea, dawa ya vidonge, huifanya himoglobini hiyo irudi kwa kiasi. Tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 inafuata njia hiyo hiyo, lakini kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja huko Marekani. Kwa mtoto wa Msimbati, kidonge kinachopatikana kila mwezi kina maana zaidi.

Mzazi, mwanao akivimba viganja na nyayo bila kuumia, au macho yakawa ya njano, mpeleke akapimwe damu. Na aliyekwisha kuthibitika akipata homa, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.