Mganga hajigangi: Ni nani humliwaza mwokoaji?

WAHENGA walinena kwamba mganga hajigangi. Msemo huo unawafaa sana watu ambao kazi yao ni kutangulia kufika palipo na maafa: polisi, wazima moto, madereva wa ambulensi, wauguzi wa chumba cha dharura na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu.

Wakazi wa Kitengela na Kajiado wanawajua vyema. Barabara inayotoka Athi River, ikapitia Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado hadi mpakani Namanga, hubeba malori, matatu na pikipiki usiku na mchana. Ajali inapotokea, aghalabu anayefika kwanza si daktari. Ni mwendeshaji boda boda, mwenye kioski au mchunga ng'ombe aliyekuwa karibu. Ndiye anayemchomoa majeruhi kwenye vyuma vilivyopondeka. Jioni hurudi kwake na damu kwenye shati, akaambiwa pole, mambo yakaisha.

Lakini je, huwa yameisha?

Mtu aliyeona mauti kwa karibu huweza kupatwa na kiwewe. Hukosa usingizi, huota jinamizi, hushtuka mlango ukigongwa, na hukwepa mahali panapomkumbusha tukio. Wengine huwa wepesi wa hasira, wengine hukimbilia pombe. Mke hudhani hapendwi tena, nao watoto hujifunza kunyamaza baba aingiapo.

Mpenzi msomaji, dalili hizi katika siku za mwanzo si wazimu wala si woga. Wengi hupona wenyewe wakipata mapumziko na watu wa kuwajali. Zikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi au kuishi na jamaa zake, basi ni maradhi yanayohitaji matibabu. Ni maradhi yanayotambuliwa rasmi: madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza katika mwongozo wao mwaka wa 1980.

Wakenya walionja uchungu huu Ijumaa, Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Waokoaji waliisikia sauti ya mwanamke aliyenaswa chini ya vifusi vya Jumba la Ufundi, wakaongea naye wakimtia moyo. Walipomfikia, alikuwa amekwisha kufa. Mtu hawezi kuivua sauti kama hiyo pamoja na sare yake. Tangu hapo yamekuja Westgate mwaka wa 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015, na kila mara kuna walioingia ndani kubeba maiti.

Zamani ilidhaniwa kwamba dawa ni kuwakusanya waokoaji mara moja na kumtaka kila mmoja asimulie yote aliyoyaona. Utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mwaka wa 2011 shirika hilo na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wenye mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Yaani, tazama usalama na mahitaji ya mtu. Msikilize bila kumlazimisha kusema. Kisha muunganishe na jamaa na wataalamu. Ugonjwa ukikomaa, mshauri nasaha aliyefunzwa humsaidia kuikabili kumbukumbu hiyo polepole, kwa vikao vya majuma kadhaa.

Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu hutoa ushauri kwa simu bila malipo kupitia nambari 1199. Tume ya Huduma ya Polisi nayo ina kitengo cha ushauri nasaha. Hata hivyo, wengine huogopa kuonekana dhaifu au kupoteza cheo, wakanyamaza. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Ila yule wa boda boda hana tume wala mwajiri. Akimaliza kubeba majeruhi, anamrudia abiria wake. Vyama vya waendeshaji wa Kitengela na Kajiado, ambavyo huchangishana kunapotokea msiba, vingeweza pia kuwaalika washauri nasaha kuwafunza wanachama kumtambua mwenzao aliyebadilika. Makanisa, misikiti na shule zina nafasi hiyo hiyo.

Nyumbani nako kuna kazi. Usimhoji mwokoaji kana kwamba yuko kizimbani, wala usimwambie asahau. Mpe chakula, mpe muda, mwondolee pombe karibu. Akianza kusema kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyo hiyo. Na arudipo kutoka barabarani, swali la kwanza lisiwe "Ulikufa wangapi?" bali "Wewe u hali gani?"