Namba ubavuni mwa printa

Katika saiba moja mjini Ndhiwa kuna printa kuukuu iliyobandikwa karatasi ubavuni, na juu ya karatasi namba ya kalamu nene: 192.168.1.200. Nilikuwa nimeingia kuchapisha barua. Stima ilikuwa ndiyo kwanza imerudi, nami nikajiandaa kusubiri, maana nimezoea printa za Wi-Fi kutoweka kila stima inapopotea. Hii ilitoa barua papo hapo. Nikamuuliza mwenye saiba siri ya ile namba.

"Kaka, printa haikuwa mbovu," akasema. "Ilikuwa inahama bila kuaga."

Printa yenyewe ni ya kebo. Iliyoiunganisha na Wi-Fi ni seva ya printa, kijisanduku cha kutoshea kiganjani kilichochomekwa nyuma yake. Kama simu zetu, nacho kilikuwa kikiomba anwani, namba kama ile ya karatasini, kwa ruta. Stima ikikatika, ruta nyingi za bei nafuu husahau nani alipewa nini, zikigawa upya kwa anayetangulia kubisha. Simu ya mteja ikiokota anwani ya jana ya printa, kompyuta hupeleka barua kusikohusika. "Na mteja anadhani mimi ndiye sijui kazi."

Jioni moja alifunga mlango akakaa na printa hiyo. Alifungua ukurasa wa ruta, 192.168.1.1, akakuta inagawa anwani kuanzia 100 hadi 199. Akachagua 200, nje ya mgao, isije ikapewa simu yoyote. Akaunganisha kijisanduku kwa kebo ya mtandao, akazima ile hali ya kuomba anwani, akaandika namba yake, kisha 255.255.255.0 penye “subnet mask”, kisha anwani ya ruta kama lango. Nywila ya Wi-Fi aliiandika herufi baada ya herufi, kubwa kwa ndogo. Mawimbi yakawa ya gigahezi 2.4, kwa kuwa kijisanduku chake hakisikii ya 5. Ndipo akachomoa kebo, na kwenye kompyuta akaielekeza printa kwa namba badala ya jina.

Namba hiyohiyo yaweza kuwa Rongo au London, kwani anwani za 192.168 zilitengewa mitandao ya ndani. Kila boma lina Odhiambo wake, naye huitikia mama yake tu.

Nyuma yangu alisimama kijana mwenye fomu ya HELB, na baada yake mzee aliyetaka nakala za kitambulisho. Hawakuitazama ile karatasi. Kwao saiba hii ni ile isiyowarudisha nyumbani mikono mitupu, na hiyo ndiyo heshima ya kazi ya huyu dada.

Kijitabu cha kijisanduku hakina Kiswahili. Alijifunza kwa kukosea na kurudia. Namba iko pale, yeyote anaiona. Lakini siku ruta ikibadilishwa naye yuko safarini, nani mwingine pale atajua kwa nini ni 200, wala si 150?