Zege Linalojishindilia Lenyewe

Zege la kawaida limwagwapo huwa na hewa nyingi ndani yake. Hewa hiyo isipotolewa, zege likisha kuwa gumu hubaki na matundu. Maji hupenya humo, nondo hushika kutu, na jengo hudhoofika. Ndiyo sababu mafundi hulishindilia kwa mashine ya kutetemesha. Lakini penye nondo zilizosongamana mashine hiyo haifiki vyema, na kasoro huweza kufichika ndani kwa miaka mingi.

Ili kuondoa tatizo hilo, mwaka 1986 Profesa Hajime Okamura wa Chuo Kikuu cha Tokyo, nchini Japani, alitoa rai ya kutengeneza zege litakalojaza kila pembe kwa uzito wake lenyewe. Zege hilo lilipatikana mwaka 1988.

Je, haitoshi kuongeza maji? La. Maji yakizidi, kokoto huzama, na maji yenyewe yakaukapo huacha vitundu vinavyopunguza nguvu. Kwa hiyo mchanganyiko hubadilishwa kwa njia tatu. Kwanza, kokoto hupunguzwa, zisije zikabanana baina ya nondo kama watu wanaogombania mlango mmoja. Pili, huongezwa unga laini, kama vile jivu la makaa ya mawe au mawe ya chokaa yaliyosagwa, ili uji wa saruji uweze kuzibeba kokoto. Tatu, hutiwa kemikali ya kulainisha. Chembe za saruji hushikamana na kuyafungia maji katikati yake. Kemikali hii huzitenganisha, maji yakafunguka, na zege likatiririka.

Kulipima, koni ya chuma iliyokatwa ncha, yenye kimo cha sentimita 30, hujazwa zege juu ya bamba bapa, kisha huinuliwa. Zege lifaalo hutandaa hadi kipenyo cha sentimita 55 hadi 85. Kokoto zikibaki katikati na maji matupu yakizunguka ukingoni, mchanganyiko haufai.

Katika daraja la Akashi Kaikyo, lililofunguliwa mwaka 1998, zege hili lilitumika kujenga misingi mikubwa inayoshikilia kamba za chuma. Muda wa kuijenga ulipungua kutoka miaka miwili na nusu hadi miwili.

Hata hivyo, zege hili husukuma mbao za kulizuia kwa nguvu zaidi, na unyevu wa mchanga usipopimwa huweza kuliharibu. Kazi ya kushindilia imeondoka. Kazi ya kupima imeongezeka.