Sufuria Iliyoungua

Sogeeni hapa mkekani, wanangu. Sogeeni, nafasi ipo. Leo nina kisa cha sufuria iliyoungua, na cha binti mmoja ambaye ulimi wake humtangulia mlangoni.

Binti huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, wa miaka saba. Anaona kila kitu. Akikiona, anakisema. Soksi yako imetoboka? Atasema. Kikombe chako kina ufa? Atasema. Nami nampenda hivyo hivyo alivyo.

Siku ya Idi tulikuwa kwao Tanga. Wageni wamejaa. Jirani akaingia na bakuli la pilau, juu kalifunika kawa. Akafunua. Binti akanusa, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Pilau imeungua hii!"

Kimya. Jirani akainamisha macho. Mama mtu akamfinya binti paja, kimyakimya. Binti akatoka mbio mpaka uani, akajikalia juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nikamfuata.

"Mjomba, kwani nimesema uongo?"

"Hukusema uongo. Imeungua kweli. Hata mimi nimesikia harufu."

"Basi mbona mama kanifinya?"

Swali zuri hilo! Nalirudia, wanangu: swali zuri. Wakubwa wengi tulifinywa utotoni na hatukuuliza.

Nikamwambia, "Hebu tuiulize sufuria." Upande wa pili wa ua, sufuria ya jirani ilikuwa imelowekwa kwenye beseni, tumbo lake jeusi tii. Sufuria ikasema:

"Mimi nimeungua, ndiyo. Lakini usiku uliniona? Mtoto mchanga wa nyumba hii alishikwa na homa. Mama yake akamkanda kwa kitambaa cha maji. Akamkanda, akamkanda, mpaka kukapambazuka. Wewe ungelala, sivyo? Yeye akanibandika jikoni, kwa sababu leo ni Idi na nyinyi ni majirani zake. Akanifunika, akapalia makaa. Mtoto akalia. Akaenda kumbembeleza, naye akasinzia. Kidogo tu. Kidogo tu, na mimi nikaungua."

Binti akatazama vidole vyake vya miguu. "Mimi sikuyajua hayo."

Ungeyajuaje, mwanangu? Itazame nyumba. Ukipita njiani unaona baraza, uani huoni. Na watu ni hivyo hivyo. Kila mtu ana baraza, kila mtu ana uani. Pilau kuungua lilikuwa jambo la barazani, kila pua ililijua. Kilichomwinamisha jirani macho kilikuwa uani kwake.

Kuujua uani wa mwenzako ni akili inayokua polepole, kama jino. Mtoto wa miaka mitatu akiona biskuti imehamishwa kutoka kopo hili kwenda lile, hudhani hata aliyekuwa nje anajua. Akifika miaka minne au mitano huanza kung'amua: aha, yule hakuona, yule anawaza vingine. Na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotusaidia kuushika ulimi usikimbie, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Ndiyo maana nilimwambia dada yangu baadaye, taratibu: kufinya kunamfundisha mtoto kuogopa wageni tu, hakumwonyeshi uani wa mtu.

"Kwa hiyo nidanganye, mjomba? Niseme tamu sana?"

Swali zuri tena! Sikiliza. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Kanada, Victoria Talwar na Kang Lee, waliandika habari za mchezo mmoja. Mtu mzima alijitia alama nyekundu puani, akamwambia mtoto ampige picha. Kabla ya picha akauliza: "Niko sawa?" Watoto hao walikuwa wa miaka 3 mpaka 7. Wengi wakajibu: uko sawa. Mtu akaondoka na pua yake nyekundu.

"Mimi ningemwambia!" binti akaruka.

"Najua. Na mimi, siku nikiwa na doa puani, namtaka mpiga picha kama wewe. Lakini ungemwambiaje?"

Akafikiri. Akanisogelea, akaziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza sikioni: "Mjomba, futa hapo."

Umeona? Kweli ni ile ile. Haikukatwa mkono wala mguu. Imepiga hodi tu. Mgeni akifika kwetu hupiga hodi, akangoja karibu. Kweli nayo ipige hodi. Je, tuko wawili au mbele ya watu? Je, anaweza kulirekebisha jambo sasa hivi? Doa linafutika. Pilau iliyokwisha kuungua haiungui kinyumenyume.

"Na kama ni jambo la haraka, mjomba?"

Hapo nilimshika mabega. Ipo kweli isiyopiga hodi. Ukiona watu wameingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha wapate kulala, piga kelele. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa huo haina harufu, nayo inaua. Na mtu yeyote, awe mgeni, awe ndugu, hata awe mimi mjomba wako, akikugusa usipopenda na kukwambia iwe siri, usinong'one. Sema mbele za watu. Sema mpaka usikike. Ulimi wako huo unaowakasirisha wageni ndio utakaokulinda siku hiyo, na sitaki mtu yeyote auzime.

Jioni bakuli la jirani lilioshwa. Chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo dada yangu akatia kaimati. Nani atapeleka? Binti akalichukua kwa mikono miwili. Mimi nikabaki uani, lakini ua ule unapitisha sauti.

"Hodi!"

"Karibu, mama."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, homa imeshuka. Nawe, pilau yangu iliungua, eti?"

Kimya kidogo. Nikasimamisha pumzi.

"Chini iliungua," binti akasema. "Juu nimekula sahani mbili."

Nikasikia jirani anacheka, na kibao kinaburuzwa kumwekea mgeni akae.