Monita Pana ya Gemu: Angalia Haya Kabla ya Kuweka PIN

Ukitoka kwa monita ya kawaida ya inchi 24 ukahamia ile pana ya inchi 34, kitu cha kwanza utakachofanya ni kugeuza shingo. Kioo chake kina upana wa karibu sentimita 80, na siku za kwanza macho hayajui yaanzie wapi. Nimetumia moja kwa wiki mbili sasa, na kusema ukweli, ni tamu.

Kwenye Forza Horizon 5 unaona kingo zote mbili za barabara. Kwenye Euro Truck Simulator 2 vioo vya pembeni vya lori viko mbele yako bila kuzungusha kamera. Hiyo nafasi ya ziada si picha iliyovutwa. Ni mandhari ambayo monita ya kawaida ilikuwa inayakata. Na gemu ikiisha, unafungua Excel upande mmoja na barua pepe upande wa pili.

Lakini hii si pesa ya kununua bando. Kabla hujalipa, jiulize maswali haya.

Uko na monita gani sasa?
Inchi 34 pana ina kimo cha sentimita 33 hivi, karibu sawa na monita ya kawaida ya inchi 27. Kama tayari uko na 27, unachoongeza ni upana tu. Pia pima meza yako, upana na kina, kwa sababu miguu ya monita hizi hula nafasi.

Kompyuta yako itaiweza?
Monita ya 1920 x 1080 ina pikseli kama milioni 2. Ile ya 3440 x 1440 ina karibu milioni 5. Kadi yako ya grafiki itachora zaidi ya mara mbili ya ilivyozoea, kwa hivyo gemu iliyokuwa inateleza inaweza kuanza kukwama. Ziko za bei nafuu zenye 2560 x 1080, ambazo ni nyepesi kwa kompyuta, ila kwa inchi 34 maandishi huonekana yamekwaruzika kidogo.

Unacheza na PlayStation 5?
Basi ngoja kwanza. PS5 haitoi picha ya upana huo. Utabaki na mistari myeusi pande mbili, au picha iliyovutwa hadi wachezaji waonekane wanene. Kwa hiyo pesa, TV au monita ya kawaida itakufaa zaidi.

Unalipa nani?
Hapa ndipo watu huumia. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka yote mengine, na muuzaji anataka "deposit" kwa namba yake binafsi ndipo atume mzigo, usitume. Nenda dukani, au kubali kulipa ukishaiona ikiwaka.

Ikiwashwa, omba waweke skrini nyeupe yote, kisha nyeusi yote. Nukta isiyobadilika rangi ni pikseli iliyokufa. Uliza pia dhamana ni ya muda gani na iandikwe kwa risiti.

Ukilipa kwa till, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la duka, simama uulize. Kisha hifadhi ujumbe wa uthibitisho pamoja na risiti. Siku ukirudisha monita, huo ndio ushahidi kwamba ulilipa, kiasi gani na lini.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uangalie Hertz. Mara nyingi kompyuta hubaki kwa 60 hata kama monita inafika 144. Tumia waya wa DisplayPort kama kadi yako inayo.

Na kama jibu la swali lolote hapo juu ni "sijui", acha pesa ikae kwa simu yako kwanza. Monita itakungoja.